Nilirekodi Tamasha Juu ya Sauti ya Baba

Shangazi Hildegarda, shikamoo.

Naomba unisaidie, kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulibeba peke yangu, na kila Ijumaa nikisoma ukurasa wako kwenye kibanda cha magazeti hapa Mikumi naona unavyowajibu watu bila kuwapakapaka mafuta, basi nami nijibu hivyo hivyo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, kazi yangu ni kuziba pancha za malori yanayokwenda Zambia, kwetu ni mbugani upande wa Kilosa, sisi ni wafugaji, na kabla sijaendelea ujue kwamba napenda muziki wa hip hop kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ulinianza nikiwa kidato cha pili, wakati huo tulikuwa tunaimba Kiingereza tusichokielewa, halafu zikaja hizi redio mpya za FM ambazo hapa Mikumi zinashika kwa shida, nikafunga waya wa shaba juu ya mwarobaini nyuma ya chumba changu ili nizipate, na siku niliposikia kijana wa Kitanzania anachana kwa Kiswahili chetu, anasema habari za kufukuzwa shule kwa ajili ya karo, nilikaa chini na spana mkononi nikamsahau dereva aliyekuwa ananisubiri. Tangu hapo hakuna tamasha linalonipita. Nimeendesha baiskeli kutoka Mikumi hadi Kilosa kupitia kijiji cha Ulaya kwenda kuwaona wasanii wawili ambao mmoja hakufika, Dumila nilisimama juu ya kreti la soda tangu saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, na kila niendako nabeba redio kaseti yangu nirekodi, kwa sababu msanii akiwa jukwaani si sawa na kaseti ya dukani, jukwaani unasikia anavyohema, anasahau mstari na uwanja mzima unammalizia. Washkaji wananiita Maktaba.

Sasa Shangazi, nina kaka yangu, Daniel, ndiye mtoto wa kwanza. Miaka sita iliyopita alibatizwa, akaacha ng'ombe, akaenda Ruhembe kukata miwa, akamwoa Agatha, binti wa wakulima, akaanza kulima. Baba yetu, mzee Sempele, alikasirika sana, kwake mtu wa kwetu kushika jembe ni kuwavua nguo wazee, akasema mbele ya wazee wenzake kwamba Daniel asikanyage tena boma lake. Kwetu neno la baba si maneno tu. Daniel hakukanyaga.

Mwaka huu baba akaanza kuugua kifua. Mwezi wa nane mwanzoni nilikwenda kumwona, akamtuma mama nje, akaniambia nilete ile redio yangu.

"Mashine hii si inashika sauti?"

"Inashika, baba."

"Basi ishike yangu. Umpelekee kaka yako."

Nikamwambia anipe tu maneno nitayafikisha, akakataa. "Wewe unawapenda ndugu zako. Atadhani umeyatunga ili utupatanishe. Nataka asikie koo langu." Akanionya nisimwambie mama wala mtu yeyote, maana alitaka mama ashtukie tu mtoto wake anaingia mlangoni. Akaongea kwa lugha yetu kama dakika kumi na mbili hivi, polepole, anakohoa, anapumzika. Alisema neno alilolitoa amelirudisha mdomoni mwake. Alisema jembe si aibu, aibu ni mzee kufa bila kumjua mjukuu wake. Alisema, njoo na mke wako, mlango wa mama yako uko wazi. Mimi nilikuwa naangalia pembeni asinione machozi.

Nikarudi Mikumi tarehe sita na kaseti ile mfukoni mwa koti, nimeshairudisha mwanzo, nikipanga kwenda Ruhembe tarehe tisa, kwa sababu tarehe nane, sikukuu ya Nane Nane, kulikuwa na tamasha mchana uwanja wa mpira, na Mizani mwenyewe alikuwa anakuja kutoka Dar, msanii ambaye kaseti yake nilishaisikiliza mpaka utepe ukachuja. Ningeweza kwenda Ruhembe tarehe saba, Shangazi. Ni mwendo wa asubuhi moja tu. Sikwenda kwa sababu nilikuwa natafuta betri.

Siku ya tamasha wasanii wa utangulizi walikuwa wengi na mtangazaji alikuwa na maneno mengi, kaseti yangu ya dakika sitini ikaisha pande zote mbili kabla Mizani hajapanda, halafu akapanda, uwanja ukalipuka, nami nimebanwa mbele kabisa karibu na spika na sina kaseti. Nikakumbuka ile ya mfukoni. Nikajiambia baba ameongea upande wa kwanza tu, wa pili mtupu, nitarekodi huo wa pili halafu nitauhamishia kwenye kaseti nyingine. Nikaichomeka, watu wananisukuma, vumbi, sikuangalia, nikabonyeza. Baada ya dakika kumi hivi jenereta likazima na tamasha likafa hapo hapo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kupanda gari la Kidodi linalopita Ruhembe, nikataka kuhakikisha. Nikasikia Mizani. Nikageuza upande, hakuna kitu. Nikarudi upande wa kwanza nikaacha uende, Mizani akakatika, halafu baba akakohoa, akasema maneno machache ya mwisho, "Nimemaliza. Zima hicho kitu." Hayo ndiyo yaliyobaki.

Ningerudi kwa baba siku hiyo hiyo ingekuwa rahisi, angenitukana, angerekodi upya. Niliona aibu. Nikasema nitatafuta namna. Wiki mbili baadaye nilipokwenda nyumbani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umempelekea?" nikajibu, "Nimempelekea, baba." Akauliza, "Amesemaje?" na mdomo wangu ukasema, "Amesema atakuja akimaliza kukata miwa." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Tangu siku hiyo, mama ananiambia, mzee akawa anataka kiti chake kigeuzwe kielekee njia, na mama hakujua kwa nini. Katikati ya mwezi wa tisa akazidiwa, nikaitwa, nikamkuta bado anaongea. Akaniambia, "Kaka yako amekuwa mgumu kama mimi." Akafa kesho yake mchana.

Daniel alikuja mazikoni. Alisimama nje ya uzio wa miiba pamoja na Agatha na mtoto wao wa kike, hakuingia, wala hakusogea kaburini, wazee wakamwona wakaendelea kufukia. Nilimfuata pale nje. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ulikuwa naye. Mzee amekufa na hasira nami?" Nikamjibu, "Sijui."

Shangazi, nilisema sijui.

Mama yetu, Namayiana, amemwita mara mbili arudi, Daniel anajibu neno la baba haliwezi kufutwa na mama. Sasa nasikia msimu wa miwa ukiisha mwezi ujao anahamia Mbarali na familia yake, na amewaaga watu kama mtu asiyerudi. Nikimwambia leo, nitamthibitishia na nini? Baba mwenyewe alisema Daniel hataniamini mimi. Na akiniamini atajua kwamba mzee alikufa akimsubiri, nadhani hilo litamuumiza zaidi. Labda ni heri aende zake hajui. Kaseti zangu zote nimezitia kwenye gunia, nataka kuzichoma, naona muziki huu ndio ulioniharibu. Nisaidie, nifanye nini?

Seuri, Mikumi.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Seuri. Hilo ndilo jina nililokupa, na wote uliowataja humu nimewabadilishia majina.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliiweka chini nikaenda kuteka maji kwanza. Pole kwa kufiwa. Najua unavyojuta, ingawa neno majuto hukuliandika, kwa sababu umejieleza bila kujipendelea. Umeniambia mwenyewe kwamba tarehe saba ulikuwa unatafuta betri. Mtu anayetaka kusifiwa asingeliniambia hilo.

Lakini uliomba nisikufiche, basi sikia.

Gunia la kaseti liache. Muziki haukuharibu kitu. Kijana aliyepanda jukwaani Nane Nane hakukutia mkono mfukoni. Kufuta sauti ya baba yako lilikuwa kosa la uzembe katika msongamano wa watu, na makosa ya namna hiyo husameheka kabla jua halijazama. Ulilolifanya baadaye ndilo lililowaumiza watu. Umedanganya mara mbili, mara moja kwa mzee aliyekuwa anaangalia njia, mara ya pili kwa kaka yako nje ya uzio, na hizo mara mbili hapakuwa na spika wala vumbi, ulikuwa na akili zako zote. Ukichoma kaseti utanuka moshi tu, na Daniel atabaki hajui kitu.

Unaniuliza kama ni heri aondoke hajui. Hapana. Hapo unajihurumia wewe, halafu unaita huruma hiyo kwa jina lake. Kaka yako anabeba kitu ambacho baba yake alikwisha kumtua. Kila mtoto wake atakapopata homa atasema ni lile neno. Huna haki ya kumwacha hivyo hata siku moja zaidi. Atakapojua kwamba mzee alimsubiri ataumia, ndiyo, tena sana. Lakini hayo ni maumivu ya mtoto aliyependwa, na mtu huweza kuishi nayo. Haya aliyo nayo sasa ndiyo yanayomhamisha nchi.

Kuhusu uthibitisho, mbona unao? Mzee alisema Daniel asikie koo lake, na koo lake bado limo ndani ya kaseti. Mtoto wa kwanza hawezi kukosa kukijua kikohozi cha baba yake. Nani atamwamini mtu aliyekuja kujisifu? Wewe unakwenda kujishtaki, na anayejishtaki mwenyewe husikilizwa. Usiirekebishe kaseti hiyo, usiihamishe, usikate ule muziki. Ipeleke kama ilivyo.

Kwa hiyo kesho Jumamosi funga kazi. Malori yatazibiwa pancha na mwingine. Panda gari la asubuhi uende Ruhembe na redio yako na betri nzima, umkute kaka yako kungali mchana, na mkewe awepo, kwa sababu naye amesimama nje ya uzio ule. Usianze na kuomba radhi. Radhi ukiitanguliza utalia, na ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza, nawe hukwenda kubembelezwa. Anza na maneno ya baba yako, kwa lugha yenu, yote unayoyakumbuka, kwa mpangilio aliousema. Ukifika pasipokumbukika sema hapa sikumbuki, usijaze. Halafu mpigie kipande kilichobaki. Halafu ndipo umweleze ulivyofuta, ulivyomdanganya mzee, na maneno aliyokuambia mzee siku ya mwisho, hata lile la ugumu. Usiache hilo. Lako la "sijui" liseme la mwisho.

Akikufukuza, ondoka. Akikupiga, usirudishe mkono. Usimwombe msamaha akupe siku hiyo hiyo; acha akae nao muda atakaoutaka, hata kama ni miaka. Ukitoka hapo nenda Kilosa kwa mama yako ukamwambie naye, maana aligeuza kiti kile kwa mikono yake bila kuambiwa sababu. Kisha waite wale wazee waliolisikia neno la kwanza, walisikie na la pili. Mimi ni mtoto wa wakulima, mila zenu sizijui kwa undani, lakini sijaona kabila lisilokuwa na njia ya kumwingiza mtoto nyumbani kwa baba yake aliyekufa. Wao watajua cha kufanya kaburini. Wewe kazi yako ni kusema kweli wakiwapo wote.

Na baba yako? Kwake hakuna gari la kupanda. Hilo la kumwacha akisubiri utakwenda nalo, mwanangu, na sitakudanganya kwamba litaisha. Litapungua uzito siku utakapomwona mjukuu wake anacheza ndani ya boma lile.

Neno la mwisho. Barua yako ilinifikia Jumanne, nami nimeona niitoe wiki hii, nisingoje. Majina nimeyabadili, lakini kaseti na uzio wa miiba sikuweza kuvibadili, na kaka yako akisoma atajijua kabla hajafika nusu. Gazeti hili linakufikia wewe leo Ijumaa. Ruhembe hufika Jumatatu.