Okei ya Shemeji Yako

Dada yangu, shikamoo.

Huku hatujambo, ila cherehani imekatika mkanda na gauni la bibi harusi bado halina mikono.

Anayenivuruga akili ni shemeji yako. Tangu aajiriwe ulinzi na kupewa redio ya mkononi, neno lake limekuwa moja: "Okei." Wali umeungua, okei. Paa linavuja, okei. Nikamuuliza, "Okei ndiyo umekubali, au umenuna?"

"Kazini maana yake nimekusikia," akasema.

Haya, mume wa kunisikia tu nimpeleke wapi?

Juzi nikamwambia nina mimba. "Okei," akaendelea kupiga viatu rangi. Nililia chooni, dada.

Leo nimefunga begi, nikamwambia nakuja kwako. "Okei." Akalibeba mpaka mlangoni. Nikajua basi, nimefukuzwa. Mara akalifungua, akatia mashati yake juu ya magauni yangu, akazima redio, akavaa viatu.

Nakuandikia nimelikalia begi, naye kasimama mlangoni ananingoja. Mimi nilikuwa namkimbia yeye. Sasa mtu tunayeongozana naye, nitamkimbiaje?

Mdogo wako,
aliyeshindwa kuinuka