Mbasa Waliotangulia Kwenye Usaili

Dar es Salaam, Jumatano

Baba, shikamoo.

Shikamoo tena, ya pili ni ya kukutuliza, maana barua hii ina maneno. Mgongo unaendeleaje? Mama ameacha kubeba ndoo kichwani kama daktari alivyomwambia, au anaitikia tu kisha anabeba? Na kahawa ya bondeni mmemaliza kuchuma? Mimi ni mzima, ila nimekonda, na sababu utaiona humu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nikipiga mnaweka sauti kubwa, na kabla sijasema haloo nasikia jirani anakohoa. Haya si ya jirani. Barua nitampa Sista anayerudi parokiani Mapera, na bahasha nitaipaka gundi pande zote. Kaka Damas nimemnyima, ingawa ni kondakta na basi lake linapanda huko kila wiki. Simwamini tena.

Unajua nilivyohangaika na mtihani wa kujiunga na uzamili wa uchumi. Miezi minne, asubuhi nafundisha tuisheni nipate kula, mchana nimejifungia maktaba na Rehema, mwenzangu tunayesoma pamoja, tunapambana na hesabu nilizodhani nimeshaagana nazo. Mtihani wa kuandika tukapita wote wawili. Ukabaki usaili. Hapo ndipo wewe, ambaye tangu darasa la kwanza hujawahi kuniuliza jina la mwalimu wangu hata mmoja, ukaanza: "Huyo mkubwa wenu wa usaili anaitwa nani? Anakaa wapi? Ana familia?" Nikakutajia, nikajipa moyo kwamba mzee ana hamu tu. Lakini roho haikutulia.

Wiki hiyohiyo Kaka Damas akaja kunisalimia, begi linanuka mbasa wakavu, wale samaki wa ziwani kwetu, mpaka mwenye nyumba akachungulia. Nikamuuliza, "Kaka, mbasa wangu wako wapi?" Akasema, "Mbasa gani? Hiyo harufu ya abiria." Harufu ya abiria! Mimi ambaye mama yangu kazaliwa Lituhi, ziwa liko mlangoni, nisijue mbasa aliyekaushwa na Mjomba? Akanywa chai harakaharaka, akauliza njia ya kwenda kwenye nyumba za walimu, akaaga. Nikaweka akilini.

Kwenye usaili walikaa watu watatu mezani. Wakaniuliza kwa nini mkulima wa kahawa hapunguzi miti bei ikianguka. Hilo nilijibu kwa raha, Baba. Niliwaambia mkahawa si nyanya, kwamba uung'oe leo na mwakani upande mwingine ule. Nikawaambia baba yangu bei ikianguka anaongeza ngoro, yaani mashimo ya kupandia mahindi na maharage kule mteremkoni, mikahawa anaiacha palepale, kwa sababu kuipanda upya ni kungoja miaka. Wakaandika wote watatu. Halafu likaja swali la hesabu, nikakwama. Mwenyekiti akaniinamia kwa upole, "Nadhani unataka kusema hivi," akanimalizia jibu lote. Nikaitikia tu. Nilipotoka akanifuata mlangoni, akaninong'oneza: "Msalimie mzee. Mwambie mbasa wamefika salama."

Sikungoja kufika nyumbani.

Nikampigia Kaka Damas, akakiri kabla sijamaliza kuuliza. "Mzee alisema mkono mtupu haulambwi." Naijua methali yako hiyo. Najua kwetu huendi mlangoni kwa mtu na mikono mitupu, hata ukienda kuazima jembe. Wewe ulikuwa unabisha hodi tu. Lakini huku hodi ya namna hiyo ina jina lingine, na kwa jina hilo mtu anafukuzwa.

Siku tatu baadaye majina yakabandikwa. Langu lipo. Wenzangu wakanikumbatia, na mimi nimesimama pale kama mwizi aliyepewa pongezi. Nimepita mimi, au wamepita mbasa? Ule upole ulikuwa wa mwalimu, au wa mtu aliyeshiba? Kila nikijaribu kufurahi nakiona kidole chake kinanionyesha jibu. Na Rehema, anayenishinda hesabu kila siku, wamemweka wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Aliponipongeza nilishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu nikaenda kwa mkuu wa idara, mama mmoja asiyecheka ovyo, nikamweleza yote. Akaniangalia kwa shaka kubwa kuliko ninavyokuangalia wewe. "Nani kakutuma umchafue mwenzetu?"

Nikasema, "Sijatumwa, mama. Naomba niulizwe upya na watu wasiomjua baba yangu."

Akavuta kalenda ya mezani, akapitisha kidole. Kisha akasema, "Alhamisi, saa tatu. Ukishindwa, nafasi inakwenda kwa anayefuata." Anayefuata ni Rehema. Nikasema sawa.

Alhamisi ni kesho, Baba. Naogopa. Hesabu ile nimeirudia mpaka kalamu imenichora kidole, na bado naishuku.

Nina hasira na wewe, sifichi. Samaki hawaniumi. Kinachoniuma ni kwamba ulimwona binti yako hatoshi mpaka asindikizwe. Kama nimekuonea, niandikie uniambie, nitakuomba radhi kwa magoti. Lakini niandikie ukweli, usimtume mtu.

Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie ninashuku alijua, maana siku nilipompigia kumuuliza kuhusu mbasa alianza kunisimulia habari za mbuzi. Mjomba wa Lituhi mwambie yeye hana kosa, mikono yake ni ileile. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu, na mdogo wangu Festo aache kuchezea simu, ashike vitabu.

Jambo la mwisho. Kaka Damas limemponyoka neno kwamba Jumapili, baada ya misa, ulisimama nje ya kanisa ukawatangazia watu kuwa nimepita, na wakakupigia makofi. Nilipolisikia hilo nililia, maana najua ulivyosimama, na kofia yako umeishika mkononi. Baba yangu, warudie uwaambie wangoje. Bado sijapita.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata ninapokushuku,

Skolastika