Stelingi Alibisha Hodi Mara Tatu

Jumanne. Mvua ya kutwa, uwanja wote tope, na moyo wangu nao ni tope tupu.

Leo tumemaliza ile sizoni ya jasusi wa Kikorea, mie na mke mwenzangu Mwanaidi. Mume alishatangulia; tumebaki wajane wawili kwenye nyumba moja hapa Mbagala, na Mwanaidi macho yameshazimika. Yeye husikiliza, mie huangalia.

Niseme ukweli, sizoni ina upuuzi mwingi. Mtu mmoja anapiga watu ishirini na nywele hazimvurugiki! Anapigwa risasi ya bega, kesho yake anaruka ukuta. Wakubwa zake hawana akili hata ya kuazima: msaliti wanakaa naye meza moja siku zote, hawamwoni. Mie nilimjua siku ya kwanza, kwa kile kicheko chake. Na yule kijana anayeitafsiri kwa Kiswahili anachomeka maneno yake mwenyewe mpaka hujui lipi la Wakorea, lipi la kwake. Nimemsema sana. Mwongo mkubwa yule.

Lakini mama wa jasusi, hapo wamepatia. Mtoto hana habari naye miaka, na yeye kila jioni anampakulia bakuli la wali, analifunika.

Mwanaidi naye ndivyo alivyo. Mwanawe Shabani alikwenda Sauzi, mwaka wa saba huu hata simu hakuna. Sahani yake inafunikwa kawa kila siku, na mie kila siku namgombeza kwamba anaharibu chakula.

Hili sijapata kumwambia mtu. Siku Shabani anaondoka, mie ndiye niliyemwambia nyumba hii haifugi wanaume wavivu. Mama yake alikuwa sokoni.

Hajui mpaka leo.

Sasa kipindi cha mwisho, kumbe kwenye flashi kimewekwa bila yule mtafsiri. Kikorea kitupu. Mwanaidi akasema, "Nisimulie basi, mke mwenzangu. Mdomo si unao!"

Nikamsimulia. Jasusi karudi kijijini kwao, theluji imejaa, nyumba ya mama ile pale. Mara nikaona wanampiga risasi getini. Hakuinuka.

"Milio gani hiyo?"

"Fataki. Wanamkaribisha."

"Na anayelia?"

"Mama yake, kwa furaha. Kabisha hodi mara tatu, kafunguliwa. Sasa anakula wali wake."

Mwanaidi akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Nilijua tu. Stelingi hafi." Akanigeukia. "Kesho turudie. Nataka nisikie tena anavyobisha hodi."

Mie huyu, niliyemwita mtoto wa watu mwongo.

Nikaenda jikoni, nikachukua kawa, nikaifunika mwenyewe sahani ya Shabani. Mwanaidi alisikia.

Lile neno nililomwambia mwanawe nitalitoa lini mdomoni? Nikilitoa, nani atamsimulia kesho?

Enyi wajukuu mnaochungulia daftari langu hili, atakayemfikishia Mwanaidi haya nitamcharaza, awe mkubwa awe mdogo. Nimeandika nisije nikasahau, maana kesho lazima yatoke vilevile.

Hodi mara tatu. Mama anafungua. Wali bado wa moto.