Mawaridi ya Pastrami

Jumatatu, 1 Desemba. Al-Malqa

Jibini nimelitoa kwenye friji saa tisa. Wageni walikuwa wafike saa kumi na nusu. Lazima likae nje muda huo, maana likiwa baridi halina ladha, unatafuna sabuni. Hili sikufundishwa na mtu. Aliyekua akinywa maziwa ya kibuyu anajua kwamba maziwa yaliyoiva hayapendi baridi.

Huu ni ubao wa nne wa jibini na nyama kuwapangia wageni tangu baridi ianze. Nyama kavu ya ng'ombe upande mmoja, bata mzinga upande wa pili. Pastrami, nyama ya moshi iliyokatwa nyembamba, nimeikunja kwenye mdomo wa glasi, kipande juu ya kipande, nikaigeuza ikatoka waridi. Tini, komamanga, lozi, kibakuli cha asali katikati. Madam Hind alipiga picha mpaka wageni wakachoka kungoja.

Mwaka juzi, mara ya kwanza kuona jibini lenye ukungu wa buluu, nililisugua kwa brashi na maji. Nilidhani limeoza, nikataka kumwepusha bosi na aibu. Madam alicheka mpaka akakaa sakafuni. Leo mimi ndiye naenda na dereva mtaa wa Sulimaniyah kulichagua, na muuzaji akiniona anajiweka sawa.

Siku kumi na tisa zimebaki. Naondoka tarehe ishirini. Jumamosi ya tarehe 27 ni koito ya Chelangat, siku ambayo watu wa mchumba wake wanakuja kwetu Nandi kumposa rasmi. Kwetu maziwa ya siku hiyo humiminwa na mama wa binti. Nina binti mmoja tu. Sijamwona miaka mitatu.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo nimejua jambo.

Madam Nawal, dada mkubwa wa madam, alipiga simu ya video kutoka Jidda. Nilikuwa na kisu mkononi, nakata jibini. Madam alininyang'anya kisu, akanisukuma kwa nyonga hadi kando ya friji, akauinamia ubao. "Namalizia tu, habibti," akasema. Dada yake akaisifu mikono yake. Mikono ile! Haijawahi kumenya kitunguu.

Kumbe siku zote hizi jamaa zake wanaamini anatengeneza mwenyewe. Nilikwenda chumba cha kufulia kucheka. Nikaacha kucheka, maana nilisikia mwisho wa simu. Ukoo wote unakutana Jidda, Ijumaa tarehe 26. Ubao utatengenezwa na Hind.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemuuliza Baba, mume wa madam, kuhusu viza yangu ya kutoka na kurudi. Yeye ndiye kafili, mdhamini wangu. Asipobonyeza simu yake, mimi sitoki nchi hii. Amesema inshallah.

Kuna inshallah za kila namna. Hii sikuipenda.

Jumapili, 7 Desemba

Ndiyo hivyo. Madam ameniambia niondoke baada ya Jidda, mwanzoni mwa Januari. "Siku chache tu, Rael. Harusi si ni mwakani?"

Harusi ni mwakani. Koito ni mwezi huu. Nilimweleza vizuri, nikamweleza tena. Akasema atamnunulia Chelangat manukato.

Nilivunja glasi moja, ile ninayokunjia mawaridi. Kwa makusudi. Nikasema imeteleza.

Najichukia zaidi kuliko ninavyomchukia yeye. Ni mimi niliyejifunga kamba. Ningepanga nyama kwa mafungu kama mwenye bucha, nisingekuwa na thamani, na mtu asiye na thamani anaachiwa aende.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimejaribu kuharibu. Walikuja majirani wawili tu. Nikaacha jibini kwenye friji mpaka dakika ya mwisho. Nikalaza pastrami bapa kama kitambaa cha kupangusia meza.

Nilivumilia dakika kumi. Nikarudi nikaikunja yote.

Siwezi. Kiburi hiki kitaniua.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemwendea madam asubuhi, Baba akiwa kazini. Nikasema: madam, nikufundishe. Siku kumi zinatosha. Ukiweza mwenyewe, kule Jidda huna haja nami, niachie niende tarehe ishirini.

Aliweka kikombe chini. Nilidhani nimefukuzwa kazi. Akaenda akafunga mlango wa jikoni.

"Usimwambie mtu," akasema. Kisha: "Nikiweza, utaenda. Wallahi."

Ameapa. Nimeandika hapa ili nisije nikadhani niliota.

Alhamisi, 11 Desemba

Somo la pili. Amejikata kidole kwenye jibini gumu. Damu kidogo, kelele nyingi. Anashika kisu kama anashika kalamu. Nikasimama nyuma yake nikaushika mkono wake ndani ya wangu, nikakata naye. Sijawahi kumgusa kabla ya leo. Ana mikono baridi.

Jumamosi, 13 Desemba

Bado anataka kutoa jibini kwenye friji na kuliweka mezani papo hapo. Nikamwambia ngoja. Hajui kungoja. Mtu asiyewahi kungoja kitu utamfundishaje kungoja jibini?

Tulikaa tukangoja. Ndipo akasema. Marehemu mama yao alikuwa akiwaonyesha wageni kazi za Nawal. Nawal ameoka, Nawal amedarizi. Wakifika kwa Hind wanaambiwa huyu ni mzuri wa sura. Nyumba nzima haikumngoja afanye lolote.

Nimemhurumia. Sikutaka.

Jumatano, 17 Desemba

Leo katengeneza ubao wote peke yake. Mimi nilikaa kwenye kiti. Miaka mitatu ndani ya jiko lile, na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa. Mawaridi saba, moja limelegea. Tini kazikata msalaba na kuzifungua kama nilivyomwonyesha. Jibini laini, limeiva, limetulia.

Nikamwambia: "Halas, madam. Umeweza."

Alinikumbatia. Tukacheka sote wawili kama wendawazimu.

Nimempigia Chelangat. Nimemwambia nakuja. Alipiga kelele mpaka Selina, mke wa kaka yangu, akakimbia kuuliza nani amekufa. Vibuyu sita viko tayari, vimesuguliwa kwa mkaa wa mti wetu, maziwa yamo ndani. Selina alikuwa amejiandaa kumimina badala yangu. Amesema atanirudishia kazi yangu kwa moyo mkunjufu.

Ijumaa, 19 Desemba

Mafi viza. Viza hakuna.

Baba alisema hivyo hivyo, akinywa kahawa. Madam alimwomba asitoe.

Nilimkuta chumbani kwake amekaa kitandani. "Je, nikisahau? Je, mkono ukitetemeka? Nawal atakuwa ananitazama, Rael. Uwe karibu tu. Karibu tu." Alikuwa analia. Yeye ndiye aliyekuwa analia!

Nikatoka nikafunga mlango. Ningefungua mdomo ningesema yasiyofutika.

Wazee walishaipanga siku, watu wa upande wa pili wanatoka mbali. Haisogezwi. Chelangat hakulia kwenye simu. Alisema, "Sawa, Mama." Afadhali angelia.

Alhamisi, 25 Desemba. Jidda

Krismasi. Nimeipitisha nikibeba jibini kwenye sanduku la barafu ndani ya ndege, magotini, kama mtoto mchanga.

Huku kuna joto na unyevu. Jibini likitolewa linatoka jasho papo hapo. Nimemwambia madam: hapa Jidda usingoje saa nzima, nusu saa, na ubao uwe chini ya kiyoyozi. Alirudia maneno hayo kwa midomo kama mtoto anayekariri. Sijui kwa nini nilimwambia. Ningenyamaza tu.

Mwanaisha, anayemfanyia kazi Madam Nawal, ni wa Mombasa. Mwislamu, ila alinitafutia keki na kunichemshia chai ya tangawizi. "Krismasi njema, dada. Mbona uso umekushuka hivyo?" Nikamweleza yote. Akasema, "Haki ya Mungu, wamekuonea." Hakuniambia nisubiri. Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 26 Desemba

Nataka kuandika hili polepole.

Wageni walipojaa, Madam Nawal alisema kwa sauti ya asali: Hind asitengenezee jikoni, atengenezee hapa mezani, sote tumwone. Alikuwa ameshajua, au alishuku. Wafanyakazi tukaambiwa tutoke sebuleni. Madam alinitazama mara moja, uso mweupe kama unga. Mlango ukafungwa.

Nikakaa chumba cha kufulia, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanaisha alikuwa akipeleka sharubati, na kila akirudi ananiletea habari.

"Anakata lile gumu. Kisu kakishika vizuri."

"Kamwambia dadaye angoje jibini lipumzike! Dadaye kanuna!"

"Waridi la tano."

Nikauliza kama mkono unatetemeka.

"Hautetemeki hata chembe."

Kisha tukasikia makofi na vigelegele. Mwanaisha alipokuja mara ya mwisho alikuwa ameleta kipande cha jibini kwenye kitambaa. Kilikuwa kimeiva sawasawa. Nusu saa, chini ya kiyoyozi.

Sikugusa ubao ule. Hata lozi moja sikuiweka. Nimezuiliwa hapa kwa kazi ambayo sikuifanya, na hakuna aliyenihitaji niifanye. Ningeweza kuwa nyumbani tangu Jumapili iliyopita, na makofi yangekuwa yale yale.

Nilimfundisha vizuri mno. Nina hasira inayonitetemesha mikono mimi.

Jumamosi, 27 Desemba

Mwanaisha ameniazima simu yake, yenye kioo kikubwa. Niliiegemeza kwenye pakiti ya sabuni.

Picha ilikatika mara nne. Niliona viti, niliona kofia za wazee. Nilimwona Chelangat amevaa shanga, amenenepa kidogo, amekuwa mwanamke. Nilimwona Selina akiinuka na kibuyu, akikitikisa, akimimina. Alimimina vizuri. Chelangat hakumtazama Selina. Alitazama simu.

Nikazima. Sikuweza.

Jumapili, 28 Desemba

Madam alikuja chumba cha kufulia. Hajawahi kukanyaga chumba cha kufulia, hata cha kwake. Akaweka simu yake mbele yangu, juu ya mashuka. Viza imetoka, na tiketi ya tarehe nne.

Akabaki amesimama. Akasema, "Nimekula haki yako."

Kwetu mtu akikuomba msamaha unamwambia si kitu. Ulimi wangu ulishaanza. Nikauzuia. Ni kitu. Nikasema, "Ndiyo, madam. Umekula."

Aliitikia kwa kichwa. Tukakunja mashuka, yeye upande ule, mimi upande huu. Hajui kukunja mashuka.

Jumamosi, 3 Januari. Al-Malqa

Sanduku limefungwa. Ndege ni kesho mchana.

Nje kuna baridi kavu. Madam ana wageni leo na ubao anautengeneza mwenyewe. Nimepita jikoni kuchukua maji, nikaona jibini liko nje, limefunikwa kitambaa, na madam amekaa kwenye kiti changu, anangoja. Sikumsahihisha chochote.

Chelangat ametuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara tatu. Anasema siku ile vilimiminwa vibuyu vitano. Cha sita alikificha chumbani kwake, Selina alipokiulizia akamwambia kimepasuka. Hakijapasuka. Kinaning'inia juu ya kitanda chake, na kifuniko chake. Wakwe watarudi nikifika, wachache tu, bila sherehe.

Maziwa yake yatakuwa yamekuwa makali sana. Nimemwambia asikitikise. Nitakuja kukitikisa mwenyewe.