Mashine Inapinda Sabuni, Mimi Nifichwe Stoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, mtoto amesinzia kidogo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika. Niko kiwanda cha sabuni za miche, kazi yangu ni kusema sabuni imepoa kiasi cha kukatwa, naigusa kwa kifundo cha mkono, ikiwa vuguvugu kama maziwa ya mtoto nasema kateni. Mwaka jana chuo kikuu na kiwanda vilitia saini ushirikiano, akaja daktari, si wa hospitali, wa kusoma, akauliza najuaje, nikamweleza, akaandika weee, halafu akaenda kupima maziwa ya chai ya ofisini kwake na kuiwekea mashine yake mpya ya kukata sabuni joto hilo. Nikamwambia, "Daktari, mtoto ukimpa hayo utamuunguza." Akacheka, "Dada, hii ni data." Sasa mashine inakata sabuni ikingali moto, miche inapinda kama imechoka kuliko mimi, na Alhamisi wageni wanakuja kuizindua. Meneja kaniambia, "Mama, wahi asubuhi, kateni miche mizuri kwa mkono, ipangeni kwenye mashine, kisha ukae stoo mpaka waondoke." Mashine ikisifiwa tunaachishwa kazi wote sita wa zamu ya kukata, nikikataa naachishwa peke yangu, na mtoto hana mwingine ila mimi, nifanyeje?

Mama Kifundo

Mama Kifundo, pole, mbusu mtoto. Sasa nikugombeze. Daktari kacheka mara moja, ukanyamaza? Mwanao akicheka na wembe mkononi, unamwachia?

Huo ushirikiano wao mtamu kweli: kiwanda kimetoa chumba, chuo kimetoa mabango, wewe umetoa akili, na zawadi yako ni stoo!

Usikate hata mche mmoja wa kudanganyia wageni. Wala usiguse mashine, imeshajiaibisha. Kesho azimeni kipimajoto cha fundi wa boila, mpime sabuni kila unaposema kateni, muandike namba, tarehe na majina yenu sita. Nakala moja kwa meneja, moja kwa daktari, nyingine ibaki kwako. Nendeni wote, kumfukuza mmoja ni rahisi, sita kabla ya uzinduzi meneja hathubutu. Semeni: namba zetu mtazitumia majina yetu yakiwa kwenye ripoti, na sisi tukibaki kuiongoza mashine, kwa maandishi. Daktari akiwa msomi kweli, ataona haya na kushika kalamu.

Alhamisi vaa aproni yako usimame mbele. Mgeni akiuliza nani kaifundisha mashine, jibu wewe, meneja asije akawahi kukohoa.