Mkono wa Dirishani: Kumkumbuka Baba Yetu Nestory Kamugisha, Mvuvi wa Ndoana

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumatano, uji wako ukiwa bado wa moto juu ya stuli. Tumeona tukuandikie, na watu wa Ihanda na wa kule Kibingo wanaokufahamu wasome pia, maana kuna jambo tulilolisema mbele yao siku ya mazishi na leo tunataka kulisahihisha. Aliyeshika kalamu ni binti yako Joviana. Unamjua mdomo wake, kwa hiyo utamvumilia kama ulivyozoea.

Kwanza tukusifu, kwa sababu ulipokuwa hai tulikuwa wagumu wa sifa. Siku tano za wiki ulikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kama jirani zako wote. Jumapili ulikuwa kanisani, kwaya ya wazee, sauti ya chini. Lakini Jumamosi, lo! Jua halijachomoza umeshafukua minyoo chini ya matandazo ya migomba, umeijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, umefunga mianzi yako miwili kwenye baiskeli, huyoo bondeni, ziwani. Mama alikuwa akikuita bwana harusi wa kambare. Nawe ukimjibu kutoka njiani, "Sato, Anatolia! Kambare ni wa wavivu." Ukarudi jioni na kambare wawili, naye akawakaanga bila kusema neno, ila alikuwa akicheka na sufuria.

Hukuwa mchoyo wa maarifa. Yeyote aliyekaa ukingoni na ndoana ulimfundisha, awe mtoto au mzee. Boya la kipande cha kandambili, ulisema, ni la mtu mwenye haraka. Boya lenyewe ni mwiba wa nungunungu, unaosimama wima na kutikisika hata samaki akipita tu karibu na chambo. Boya likilala, tulia, anaonja. Likienda pembeni, tulia, anahama nacho. Likizama moja kwa moja, hapo vuta, "na usivute kama unang'oa muhogo." Sauti zako bado zipo kwenye kundi lenu wavuvi la WhatsApp. Ipo moja ya dakika nne nzima inayoeleza fundo la ndoana peke yake. Mama hajui kufunga ndoana, lakini ameisikiliza hiyo mpaka anajua ni wapi unakohoa.

Ukingoni hamkuwa mkiongea. Mlisema kelele hushuka na mwanzi mpaka kwenye chambo. Wewe na Evaristi Nsanzimana wa Kibingo, rafiki yako wa miaka kumi na tisa, mlikuwa mnazungumza kwa mikono tangu alfajiri hadi jioni: kiganja hivi, vidole vile, kidevu kule. Binti yako Benadeta aliwaletea ndizi siku moja, akarudi nyumbani ameshika mbavu. "Baba na Evaristi wamekuwa mabubu!" Tulicheka sote. Hakuna aliyeuliza ile mikono inasema nini, hata Mama, na hilo halijamtoka moyoni.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Ulianguka ukingoni, mwanzi ukiwa mkononi. Evaristi alikubeba mgongoni kupanda kilima chote, akakupakia kwenye bodaboda katikati yake na dereva, akakushikilia hivyo mpaka hospitali. Daktari alisema ni kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na kauli ilikuwa imekwenda. Baada ya wiki mbili wakasema tukuuguze nyumbani.

Baba mkubwa Kahigi alikuwa na jibu lake. "Ni hilo ziwa," alisema. "Mtu mzima kukaa kwenye unyevu kama chura! Na anayemvuta huko ni huyu mtu wa kuja." Evaristi alipofika kukuona, na kilo ya sukari mkononi, Kahigi alimsimamisha njiani kabla hajaufikia uwanja.

"Shikamoo, mzee."

Kahigi hakuitikia. "Ulimchukua mzima, umeturudishia nusu. Usikanyage hapa tena."

Mama alikuwa mlangoni, akasikia kila neno. Shemeji mkubwa akisema, mke wa mdogo mtu hamjibu, ndivyo alivyolelewa. Alimtazama Evaristi akiweka sukari juu ya jiwe na kugeuka. Moyoni alikuwa akisema, mwite, mwite sasa hivi. Miguu haikwenda. Evaristi alirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili akaishia palepale.

Nasi tulikuwa tukikuuguza kwa mapenzi yote, Baba, usidhani vinginevyo. Tulikuhamishia chumba cha mbele chenye dirisha kubwa la kioo, kitanda tukakigeuza uione mibuni yako. Muuguzi alisema upate mwanga na hewa, basi pazia tulilitoa sisi wenyewe, Mama akalifua na kulikunja kabatini. Dirisha lile linatazama magharibi. Tulijiona tumefanya la maana.

Siku ya nne ukainua mkono. Ilikuwa saa kumi jioni. Mkono wa kushoto, ule mzima, kiganja wazi mbele ya uso, ukaupeleka taratibu huku na huku. Tulijaa chumbani.

"Anabariki!" alisema Kahigi, na sauti ikamkatika. "Angalieni, kama mchungaji mwisho wa ibada."

"Kwa mkono wa kushoto?" aliuliza Joviana.

"Mungu amemwachia huo. Unataka abariki kwa upi?"

Tukapiga magoti kando ya kitanda, upande wa dirishani ambako kulikuwa na nafasi, tumekuelekea wewe. Na kweli, Baba, mkono ulishuka. Ukafumba macho, uso ukalegea, machozi yakakutoka. Tukasema ni ya furaha. Tukasema Amina, tukainuka, tukaenda kusonga ugali. Tukiwa mlangoni mkono ulikuwa umeinuka tena, na Kahigi akasema sasa unawabariki majirani.

Ikawa ndiyo ibada yetu. Kila siku saa kumi tunakuja, tunapiga magoti, mkono unashuka, tunaondoka. Siku arobaini na moja. Siku nyingine ulikuwa ukipunga kwa nguvu mpaka kitanda kinalia, nasi tukiitana, "Njooni, leo roho imemshukia." Ambrose, kifungua mimba wako, aliyekuwa akilala mitaroni kwa gongo, alipiga magoti jioni moja akanuka pombe chumba kizima. Mkono ukashuka, ukaangukia kichwani pake. Tangu siku ile hajaonja. Siku ya mazishi ndiye aliyesoma historia ya maisha yako kwenye kipaza sauti: "Baba alitubariki siku arobaini na moja." Watu wakalia. Wachache walituambia wanatuonea wivu kwa kifo kama kile. Evaristi alikuja pia, ila alisimama mbali kwenye migomba, akaondoka kabla ya historia kusomwa.

Mwezi uliopita Mama alimpigia simu aje achukue mianzi yako. Hakumwuliza Kahigi safari hii. Evaristi alikuja, akakaa sebuleni, akapewa kahawa, na Mama akaanza kumsimulia zile siku zako za mwisho kwa sababu alidhani anamfariji. Akainua mkono wake wa kushoto kumwonyesha baraka ilivyokuwa.

Evaristi akaweka kikombe chini.

"Alikuwa akifanya hivyo? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Kila jioni."

"Na nyinyi mlikuwa mmekaa wapi?"

"Mbele yake, dirisha mgongoni kwetu. Kwani vipi?"

"Basi tu, Mama Ambrose. Waitu, jamani, tuyaache."

"Evaristi, niliwahi kunyamaza mbele yako mara tatu. Leo usininyamazie. Sema."

Akasema huku akitazama sakafu. Ukingoni, jua likishuka na kupiga majini, mwanga unarudi machoni na huwezi kuliona boya. Unainua kiganja mbele ya uso, unakipeleka huku na huku. Maana yake ni, jua linaniumiza, nihamishe. Mwenzako anainuka, mnabadilishana nafasi, basi. Miaka kumi na tisa mmefanyiana hivyo bila neno.

"Mlipokuwa mmepiga magoti mlimkinga," alisema. "Ndiyo maana alishusha."

Mama hakulia. Alikwenda chumbani akasimama anatazama dirisha. Alikuwa anafikiria hatua zetu tukitoka, moja baada ya nyingine, na jua likikurudia usoni kila mtu mmoja alipoondoka. Alitaka kukuomba radhi na hakujua aombe akiwa ameelekea wapi. Wazee wanasema mgonjwa haulizwi uji. Sisi tulikuletea uji, dawa, nyimbo, maombi, na mtu mmoja tu duniani aliyejua unachosema tulimfukuza mlangoni kwetu. Zile ishara nyingine ulizokuwa ukifanya, vidole viwili vikishuka, ngumi ikifunguka, Evaristi alimwuliza moja moja. Mama hazikumbuki vizuri. Nyingine hakuziangalia kabisa, alikuwa amefumba macho anaomba.

Tukakaa kikao. Mama alisema kumbukumbu hii itaandikwa, na itasema ukweli. Kahigi alipiga meza. "Watu wamefarijika! Unataka kumwua ndugu yangu mara ya pili?" Lakini aliyetutisha ni Ambrose.

"Mama, usiniondolee," alisema. "Nikiamka asubuhi koo linawaka, najiambia nimebarikiwa. Sina kingine. Ukiandika hivyo nitashika nini?"

"Sijui, mwanangu," alisema Mama, na kweli alikuwa hajui. "Lakini baba yenu alisema kitu kimoja siku arobaini na moja, nasi tukawatangazia watu kitu kingine. Nani atamsikia kama si sisi?"

Kikao kikavunjika bila muafaka. Mama alikuwa amebaki peke yake na neno lake, mwana upande huu, mume kaburini upande ule, na kila alipomwelekea mmoja alikuwa anamwumiza mwingine. Wiki nzima hakuweza hata kupalilia.

Jumapili, saa kumi kasoro, Ambrose aliingia chumba chako. Kitanda bado kipo palepale. Akalala chali ulivyokuwa ukilala, mkono wa kulia ameulalia, akasema tumfungie mlango. Mama akakaa koridoni kwenye kigoda. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima. Alimsikia akihema, akamsikia akigeuka na kujirudisha. Akaogopa, akasukuma mlango taratibu.

Jua lilikuwa limejaa kitanda chote. Ambrose macho yamemwiva, machozi yanatiririka mpaka masikioni, na mkono wa kushoto ameuinua mbele ya uso, anaupeleka huku na huku. Wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Mama alivuka chumba, akasimama kati yake na dirisha.

Mkono ukashuka.

Wakabaki hivyo mpaka jua lilipozama nyuma ya mibuni, Mama amesimama, mwanawe amelala. Kisha Ambrose akasema, "Andikeni."

Basi tumeandika, Baba. Kwenu nyote mliofarijika siku ile, mtusamehe: hakuwa anatubariki. Jua lilikuwa linamwumiza, alikuwa anatuomba tumhamishe, nasi tulimwitikia Amina. Tulimwuliza Ambrose kuhusu pombe, akasema hana uhakika wa kesho. Leo hajanywa. Tunamtazama tu, hatuna dawa ya kumpa.

Wanaokukumbuka ni mke wako Anatolia. Wanao Ambrose, Joviana na Benadeta. Wajukuu zako watano. Na Evaristi Nsanzimana, ambaye tumemweka humu ndani na si nje. Kaka yako Kahigi aliomba jina lake liwe la mwisho, hakusema kwa nini, nasi hatukumwuliza.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na zaidi saa kumi jioni.