Sikuyafikisha Maneno ya Mama Poni

Juba, Ijumaa jioni. Mvua imeanza saa tano asubuhi na haijaacha, na njia ya kuingia kwetu Kator imekuwa tope tupu. Nimevua viatu mlangoni, nimekaa kitandani, hata redio sijawasha. Nina aibu. Naandika hapa kwa sababu sina mtu ninayeweza kumwambia haya usoni.

Wiki hii nimekuwa mkalimani. Serikali za nchi jirani zimewatuma wataalamu wao wa mawasiliano wakae na wetu hapa Juba wazungumzie mambo mawili: mkongo wa intaneti unaotakiwa kuvuka mpaka, na simu za kutoka nchi moja kwenda nyingine, bei yake ishuke ifanane na ya simu za ndani. Mimi nilikulia Eldoret, nikarudi nyumbani nikiwa mtu mzima, kwa hiyo Kiswahili ninacho, Kiingereza ninacho, na Kiarabu cha Juba pia. Ofisini wananiweka kwa ajili ya hayo tu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na anayeutia sahihi ni mkurugenzi wetu.

Yeye ndiye aliyeniagiza nitafute mwananchi wa kawaida aje azungumze mbele ya wageni. Nikamtafuta Mama Poni.

Mama Poni anauza chai mtaa wa Hai Jalaba, nyuma ya maduka ya vitambaa. Wakati wa vita alikimbilia Uganda. Alirudi peke yake. Watoto wake wawili wamebaki kule kambini na bibi yao kwa sababu ya shule. Kila jioni huwapigia, na mara nyingi simu inakatika hata hajamaliza kumsalimia mkubwa. Mimi na yeye huongea kwa kuchanganya Kiarabu na Kiswahili. Huniita bit tai, binti yangu, na tangawizi huniongezea bila kuuliza.

Nilipomwambia habari ya mkutano alisita. Kiingereza hajui, akasema, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Nikamwambia atumie Kiarabu, aseme yaliyo moyoni mwake, na mimi nitayafikisha vile vile.

Nilimwahidi. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatano alifunga kibanda chake akaja, amejifunga lawa mpya begani, kitambaa cha bluu ambacho sijawahi kumwona nacho. Akasimama mbele ya ile meza ndefu yenye bendera ndogo ndogo, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikatulia. Alieleza jinsi mwanawe mdogo alivyolazwa kwa malaria, na yeye mama yake akajua siku ya tatu, homa imeshashuka. Nilikuwa nikitafsiri kwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi, na mpaka hapo nilikuwa mwaminifu. Halafu akawatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa mkurugenzi wetu.

"Simu zenu nyinyi zinalipwa na serikali," alisema. "Ndiyo maana hamna haraka. Nataka mniambie leo, siyo mwaka ujao: lini nitaongea na mtoto wangu mpaka amalize kulia?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mkurugenzi, ambaye Kiarabu cha Juba anakisikia kuliko mimi, alikuwa ananitazama pia. Hakukunja uso. Hakunipa ishara yoyote. Hata hilo la kujitetea nalo sina.

Nikasema mama anazishukuru serikali zetu kwa juhudi zao, na anaziomba ziendelee na moyo huo huo.

Wakapiga makofi. Mama Poni akatabasamu, akidhani wamemsikia.

Wakati wa chakula, mhandisi mmoja kutoka Uganda, mzee mpole wa miwani, alimfuata kumpa mkono. "Asante sana, mama," akamwambia kwa Kiswahili. "Sisi tunalaumiwa kila siku. Leo wewe umetushukuru."

"Mimi nashukuru...?" Mama Poni alianza. Nilikuwa kando yao, sahani mkononi. Aligeuka akanitazama, na mimi nikautazama wali wangu.

"Haya, mzee," akamjibu yule mhandisi. "Asante."

Alinisitiri. Mimi nilimnyang'anya maneno, na yeye akanisitiri mbele ya mgeni.

Langoni aliniuliza, "Bit tai, mimi nasema shukran wapi?" Nikamwambia ukalimani ndivyo ulivyo, mambo hufupishwa. Huo ulikuwa uongo wa pili ndani ya saa mbili. Hakubishana. "Kalas," alisema, kwamba basi, yameisha, akaenda zake kwa miguu na lawa yake ya bluu.

Jana nilipita kunywa chai kama kawaida, nikijifanya hakuna kilichotokea. Alinimiminia, akanikabidhi glasi. "Karibu, madam."

Madam!

Chai ilikuwa nzuri tu. Sikuimaliza.

Leo asubuhi kilikuwa kikao cha kupitia ripoti. Walipofika pale panaposema mwananchi mmoja alizipongeza serikali, niliinua mkono. Mkalimani hainui mkono. Mwenyekiti, mama kutoka Kenya, alidhani kipaza sauti changu kimeharibika. Nikasema Jumatano nilikosea kutafsiri. Kisha nikasema hapana, sikukosea, niliogopa. Nikasoma maneno ya Mama Poni kutoka kwenye karatasi niliyoiandika jana usiku.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mhandisi wa Uganda alivua miwani, akaivaa tena, akaanza kuandika. Mwenyekiti akaagiza ripoti irekebishwe, isainiwe kesho saa tatu kabla wageni hawajaondoka. Tulipotoka mkurugenzi alinipita mlangoni. "Jumatatu uje tuongee," alisema kwa upole kabisa. Naujua upole huo.

Na bado lazima nikiri: nilitoka pale nikijiona shujaa. Nikaenda moja kwa moja Hai Jalaba, mvua ikinipiga, kumpelekea Mama Poni habari njema.

Alinisikiliza huku akiosha glasi. "Wewe nasema hii leo?" akauliza. "Nasema wakati mimi iko hapa?"

Kumvunjia heshima nilimvunjia akiwa amesimama mbele yao. Kumrudishia, nimemrudishia hayupo.

Akafuta mikono, akasema nimsomee. Nikaitoa karatasi, imelowa pembeni, nikamsomea kwa Kiswahili yale niliyowasomea wao kwa Kiingereza. Simu zenu zinalipwa na serikali. Ndiyo maana hamna haraka. Ningependa mniambie leo...

"Hapana." Alinikata. "Mimi hapana sema ningependa. Mimi nasema nataka."

Niliitazama karatasi. Mwandiko ni wangu. Jana usiku nilikuwa peke yangu chumbani, hapakuwa na mkurugenzi wala mgeni, na bado nilimlainisha. Nilidhani ni adabu. Je, ni mara ngapi nimewafanyia watu hivi, miaka yote hii ya kusifiwa kwamba natafsiri vizuri?

Nimemwomba kesho twende wote. Hakukubali, hakukataa. Aliuliza tu kama askari wa langoni watamruhusu aingie, kisha akageukia mteja mwingine.

Saa moja asubuhi nitakuwa langoni namsubiri. Akija, atalisema neno lake mwenyewe, na safari hii kwa Kiswahili chake cha sokoni, mimi nikae kimya. Asipokuja, nitaingia peke yangu wabadilishe "ningependa" iwe "nataka", halafu niende nikamwonyeshe.